Netiweki Ilishika Mpakani

Nilipokuwa darasa la tano nilitaka kuwa mpokea simu. Kazi hiyo niliiona parokiani, kwa dada mmoja aliyekaa ofisini nyuma ya simu nyeusi ya mezani. Simu ikilia aliiacha ilie mara mbili, akajiweka vizuri kwenye kiti, ndipo akaipokea na kusema, "Parokia, Tumsifu Yesu Kristo," kwa sauti laini ambayo sisi tuliosimama mbele yake hatukuwahi kupewa. Mimi nilikuwa nimetumwa cheti cha ubatizo cha mdogo wangu. Nilimsikiliza yule dada mpaka nikasahau cheti, nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikachapwa. Sikujali sana. Njia nzima nilikuwa nimeshika gunzi la mahindi sikioni, napokea watu.

Ndoto hiyo ilitimia, na ndiyo iliyonichosha kuliko kazi zote nilizowahi kufanya.

Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari. Baba alikuwa fundi mwashi Mwanza, mama alikuwa amemfuata na wadogo zangu, mimi nikabaki huku Kibosho na bibi, mama yake baba. Nilimkatia ng'ombe majani, nilifungulia maji ya mfereji zamu yetu ikifika, jioni nilimenya ndizi. Bibi na mimi tuna jina moja, kwa sababu kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Kwa hiyo baba aliniita mama. Na kaka yake baba, baba mkubwa, ambaye nyumba yake iko juu kidogo ya yetu, naye aliniita mama, hata miaka ile yote ambayo alikuwa hasemi na baba.

Simu ililetwa na basi. Baba alimkabidhi dereva, nami nikaenda kuipokea stendi ya Moshi, ndani ya boksi la viatu lililofungwa kwa kamba ya katani. Ilikuwa simu ya kijivu yenye antena fupi kama kidole gumba, na chaja yake, na karatasi ambayo baba ameandika: "Usiwape watu waichezee. Iwe wazi saa kumi na moja jioni." Nilipanda nayo mlima nimeibana kifuani kama mtoto mwenye homa. Bibi akaishika, akaigeuza, akauliza, "Waya wake uko wapi?"

"Haina waya, bibi."

"Basi atasemaje huyo baba yako?"

Swali la bibi lilikuwa zito kuliko alivyojua, maana kwetu simu ile haikushika kitu. Migomba imetuzunguka, korongo liko upande mmoja na kilima upande mwingine. Nilizunguka nayo siku mbili nimenyoosha mkono juu. Jikoni hakuna, bandani kwa mbuzi hakuna, juu ya ngazi ya kuvunia maparachichi ilikuja ikaondoka. Siku ya tatu nilikuwa nashusha mzigo wa majani kule juu, mpakani kwetu na kwa baba mkubwa, simu ikalia ndani ya kanga nikaruka kama nimeng'atwa. Netiweki ilishika mpakani. Ukirudi nyuma hatua tatu imekata. Ukienda mbele hatua tatu uko shambani kwa baba mkubwa.

Mpaka wenyewe ni mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu ndiyo hati ya shamba. Sale halichezewi. Linapandwa mpakani, linapandwa kaburini, na mtu aliyekosa akitaka kusamehewa huchuma jani lake, akalifunga fundo, akalipeleka kwa aliyemkosea. Aliyeletewa sale hawezi kukataa. Anaweza kununa, anaweza kukuacha umesimama mpaka miguu ife ganzi, lakini kukataa hawezi.

Masale yale aliyapanda babu alipogawa shamba. Juu akampa baba mkubwa, aliyekuwa anakaribia kuoa, na akasema mstari wenyewe uhesabiwe kuwa wake, yeye ndiye autunze. Chini, penye nyumba ya wazee, akambakizia baba, kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho. Katikati ya mstari aliacha mwanya wa mtu kupita. Gari linafika uani kwa baba mkubwa tu. Kwetu hushukwa kwa miguu kupitia ule mwanya, au uzunguke korongoni, uvuke mfereji juu ya gogo, upande tena kwa kushika mizizi.

Babu alipofariki baba hakuwahi mazishi. Alikuja siku ya tatu, baba mkubwa akiwa ameshamzika. Mwaka uliofuata, sikukuu ya Krismasi, watu wamejaa uani na mbege, pombe yetu ya ndizi, imezunguka, baba akasimama akasema mbele ya wote kwamba masale yamesogea, na kwamba kuna mtu ameyasogeza alipoona mwenye shamba yuko mbali. Nilikuwepo, nimeshika sinia la ndizi. Kumwambia mtu wa kwetu kwamba amehamisha masale aliyopanda baba yake ni sawa na kumwambia amefukua kaburi. Baba mkubwa hakujibu. Kesho yake asubuhi alikata vipande vitatu vya sale akavipanda katikati ya ule mwanya. Vikashika, vikawa vichaka. Tangu hapo tukawa tunapita korongoni, na bibi, ambaye magoti yalikuwa hayamruhusu korongoni, akawa hatoki.

Hapo penye vichaka vitatu ndipo simu iliposhika vizuri kuliko pote.

Mwanzoni nilifurahi mno. Kila jioni nilijifunga kanga safi, nikapanda mpakani, nikaiacha simu ilie mara mbili. Bibi nilimpandisha siku za Jumapili tu, taratibu, akasimama ananing'inia begani kwangu. Alisalimia kwa Kichagga salamu zote, za watu, za ng'ombe, za mvua, bila kumwacha mwenzake ajibu, halafu akanirudishia simu akisema, "Basi, tumemaliza." Baba alikuwa hajasema neno.

Halafu majirani wakajua. Kila mwenye mtoto Dar, Arusha au Mombasa aliandikiwa namba yangu nyuma ya bahasha. "Dada, niitie mama, nitapiga tena baada ya dakika kumi." Huyo mama anakaa ng'ambo ya korongo na ana miaka sabini. Nilikimbia, nikamfikisha mpakani anahema, tukasimama wawili tunaitazama simu kama watu wanaosubiri maziwa yachemke, na simu isilie. Wengine walibipu tu, mara moja, kama mtu anayegonga mlango na kukimbia, nami nikabaki kuwaza ni nani na anataka nini. Nikiwa nakamua, inabipu. Nikiwa kanisani imezimwa, nawaza inabipu.

Na misiba ilianza kupita kwangu. Nikawa najua kabla ya wenyewe. Nilishuka na habari ya mtoto wa watu aliyegongwa na gari huko Dar, nikamkuta mama yake anaimba anapalilia maharage, sikujua nianzie wapi, nikamsaidia kupalilia mstari mzima kwanza. Watu walishanisoma. Nikikimbia, walijua ni salamu. Nikitembea, waliweka jembe chini. Ilifika mahali hata nikiwa nimechoka tu, ninatembea kwa sababu ya miguu yangu mwenyewe, wanawake wanasimama migombani wananitazama, nikawa nalazimika kupunga mkono na kusema, "Hakuna, naenda dukani."

Kule Majengo, mjini Moshi, ndiko nilikochaji. Umeme ulikuwa haujafika upande wetu. Fundi redio mmoja alizipanga simu za watu mezani kama samaki, kila moja na kikaratasi, akanitania, "Umeleta mgonjwa wako? Mwache hapa, njoo saa nane." Nilikaa barazani nikisikiliza adhana na cherehani za mafundi nguo, nikaota nina duka langu pale, lenye kioo kirefu na kiti cha kuzunguka, na simu ya mezani ambayo mtu mwingine ndiye anaipokea.

Baba alianguka wakati wa kiangazi. Mama ndiye aliyepiga. Mbao alizokanyaga zilikatika, akaanguka ghorofa moja, mguu wa kulia ukavunjika mara mbili. Waliufunga chuma. Miezi ikapita, mguu haukurudi hali yake, akabaki na magongo. Daktari akamwambia aache kazi ya kupanda juu, arudi nyumbani akapumzike.

"Sasa baba atafikaje kwetu?" nilimuuliza mama.

"Nimemwambia vijana watambeba kwa machela kupitia korongoni," akasema. "Amekataa. Anasema akibebwa, watu watajua amekuja kuzikwa."

Nikatazama vile vichaka vitatu mbele yangu. Magongo mawili na mguu wenye chuma havivuki gogo. Njia ilikuwa hapo, pana ya kutosha mtu na magongo yake, na ilikuwa imefungwa kwa sababu ya neno moja la Krismasi. Baba alichukua simu mkononi mwa mama akasema, "Mama, usijali. Nitabaki tu huku Mwanza." Alisema kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto, na mimi nikajua kwamba kama jambo hili halitamalizika hatarudi, na bibi atakufa anasubiri Jumapili kusalimia ng'ombe wa kwenye simu.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, simu ililia mchana. Nilikuwa nimepanda kusubiri simu ya jirani.

"Mama," baba akasema, "baba yako mkubwa yuko karibu?"

Alikuwa karibu. Siku nyingi nilikuwa nimeona kwamba kila saa kumi na moja baba mkubwa anakuwa na kazi jirani na mpaka, mara kupogoa kahawa, mara kuokota kuni zisizookoteka. Leo, ingawa haikuwa saa yake, alikuwepo, na mkasi wake wa kahawa, bado amevaa koti la kanisani.

"Yupo."

"Mpe simu."

Nikainyoosha juu ya masale. "Shikamoo baba mkubwa. Baba anaomba kusema na wewe."

"Marahaba, mama." Hakuacha kukata vijiti. "Mwambie nimemsikia."

"Hajasema bado."

"Mimi namsikia tangu hiyo simu ije. Anapiga kelele kama muuza dagaa. Kama ana neno langu, alilete kwa njia yake."

"Njia gani, baba mkubwa? Mtu ana chuma mguuni, yuko Mwanza."

"Neno la namna hiyo lina njia, mama. Au nayo mmeshaitia kwenye simu?"

Baba alikuwa amesikia. "Anataka sale," akasema. Akapumua. "Ana haki. Chuma jani, mama, lifunge fundo, umpe. Huo ni mkono wangu."

Nilifanya kama nilivyoambiwa. Nikisogea hatua tatu nampoteza baba, kwa hiyo sikusogea. Nilibana simu kwa bega, nikanyoosha mkono nikachuma jani lililokuwa mbele ya uso wangu, nikalifunga fundo, nikampelekea baba mkubwa kwa mikono miwili juu ya mstari, nimepiga goti kidogo.

Baba mkubwa akaweka mkasi chini. Akalitazama lile jani. Hakulishika.

"Umelichuma wapi?"

"Hapa."

"Hapa ni kwa nani?"

Ndipo nikagundua nilichofanya. Masale ya mstari ni yake, ndivyo alivyosema babu. Nilikuwa nimechuma jani la mtu nikampelekea mwenyewe. Na kama si lake, kama ni letu, basi akilipokea amekubali kwamba mstari umekaa kwenye ardhi ya baba, na yeye ni mwizi kama alivyoambiwa. Nilibaki nimelishika. Nilitamani kucheka, nilitamani kulia.

"Nisamehe, baba mkubwa, ni kwa sababu ya netiweki."

"Wewe huna kosa, mama. Muulize baba yako. Hapo uliposimama, ulipochuma, ni kwa nani?"

Nikamuuliza baba. Sikusikia kitu. Nikadhani imekata, nikaitazama, sekunde zinaendelea kuhesabu. Kuku wa baba mkubwa wakapita. Kengele ya misa ya pili ikalia, ikanyamaza.

"Baba?"

"Hapo ni kwake," baba akasema. Alisema polepole, lakini simu ile ilikuwa na sauti kubwa na baba mkubwa alikuwa hatua mbili. "Mwambie, siku baba anapanda masale, kamba niliishika mimi. Nilikuwa mtoto, lakini kamba niliishika mimi. Najua ilipita wapi. Haijasogea hata unyayo." Akakohoa. "Watu walikuwa wananiambia mtoto wa mwisho amerithi nyumba, na kumzika baba yake amemwachia mwenziwe. Niliingia pale uani nikiwa nimelibeba hilo. Nikatafuta la kusema." Halafu akasema, "Litupe hilo jani, mama. Kachume la kwetu. Lile la kaburini kwa baba."

Kaburini ni chini kabisa, nyuma ya nyumba. Netiweki haifiki hata uombe. Sikuwa na la kufanya. Nilimwekea baba mkubwa simu mkononi, nikamgeuzia iangalie upande sahihi, nikashuka mbio.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Alinitazama nikichuma sale kaburini kwa mumewe.

"La nani hilo?"

"La baba. Analipeleka kwa baba mkubwa."

Akaweka ungo chini. Akanyoosha mkono nikampa jani, akalifunga mwenyewe kwa vidole vyake vilivyopinda. Lilichukua muda mrefu. Mimi nilikuwa nahema tu.

"Fundo lisilegee," akasema. "Haya, nenda."

Nilipofika juu kifua kinaniwaka. Baba mkubwa alikuwa amesimama vilevile, simu sikioni, macho ameyafumba.

"Bado anasema?"

"Amenyamaza."

Niliichukua simu. Ilikuwa nyeusi, imezima. Chaji ilikuwa imeisha, sijui dakika ngapi zilizopita.

"Baba mkubwa, hii imezima."

Akafumbua macho. "Tangu lini?"

"Sijui. Alisema nini?"

"Alisema, 'Kaka.'" Akaitazama simu mkononi mwangu kama inaweza kuongeza. "Akanyamaza. Nikajua analia, nikamwacha. Nilikuwa nasubiri amalize."

Hatukujua, wala hatujajua mpaka leo, kama baba alinyamaza au alinyamazishwa. Nikamnyooshea sale. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligusa lile fundo, akajua mara moja mkono uliolifunga, kwa sababu alitazama chini kuelekea nyumbani kwetu kwa muda. Kisha akalitia mfuko wa ndani wa koti la kanisani.

"Mwambie gari lisimame uani kwangu," akasema. "Asishuke barabarani na miguu hiyo."

Lakini nilikuwa sina cha kumwambia nacho. Baba alikuwa Mwanza na swali lake, jibu liko Kibosho mfukoni mwa koti, na katikati niko mimi na simu iliyokufa. Kesho yake alfajiri nikateremka Majengo. Umeme ulikuwa umekatika. Fundi redio akaniambia, "Kaa, umeme utarudi tu." Nikakaa. Sikuota duka wala kioo siku hiyo, nilikuwa nimeegemea ukuta nikihesabu jinsi kisigino kinavyopwita. Saa tisa taa ikawaka. Nilipoiwasha simu ziliingia meseji kumi na moja, zote za baba, halafu akapiga nikiwa nimeishika.

"Amepokea?" Hata salamu hakutoa.

"Amepokea."

Kimya. Safari hii nilisubiri, sikuitazama.

"Anasema gari lisimame uani kwake."

Nilisikia anamwambia mama jambo, na mama akisema Asante Mungu, mara nyingi, taratibu. Halafu baba akarudi. "Mama, mbona sauti yako iko hivyo? Umechoka?"

Tangu simu ile ije nilikuwa nimeulizwa kama fulani yupo, kama fulani amepona, kama mvua imenyesha. Hili sikuwa nimeulizwa. Nikaugeukia ukuta. Fundi redio akajifanya anatafuta bisibisi.

"Nimetembea tu," nikasema.

Walifika baada ya wiki mbili. Siku moja kabla hawajafika baba mkubwa aling'oa vile vichaka vitatu kwa jembe, kwa uangalifu, na mizizi yake, akavipanda pembeni kwenye mstari, akavimwagilia. Mwanya ukarudi. Akaupima kwa kunyoosha mikono yote miwili na mti mmoja mkononi kama mtu wa magongo, akauongeza kidogo.

Baba alishuka garini uani kwa kaka yake. Alikuwa amekonda, magongo yamempandisha mabega hadi masikioni. Nilikuwa nimewaza siku hii mara nyingi, na ndani ya mawazo yangu walikuwa wakikumbatiana, wanasema mambo mengi.

"Shikamoo kaka," baba akasema.

"Marahaba. Tazama hapo, pana utelezi."

Ndiyo hayo tu. Baba mkubwa akatangulia, anageuka kila hatua kutazama magongo yanapokanyaga. Bibi alikuwa amepanda mwenyewe mpaka upande wetu wa mwanya, ameshika mgomba. Walipofika katikati ya masale, simu ikalia kifuani kwangu. Nilijua ni nani, ilikuwa siku yake, mtoto wa jirani aliyeko Arusha, atataka nimwitie mama yake ng'ambo ya korongo. Niliiacha ilie mara mbili. Nikaiacha ilie ya tatu na ya nne. Baba alisimama akanitazama, kisha akanyoosha kidole garini, nami nikarudi garini nikachukua begi lake nikamfuata, simu bado inalia.